Sindano Ilipomshinda Grandma Moses

Hadithi ya Grandma Moses husimuliwa hivi: bibi wa shambani, viungo vinamuuma, hakati tamaa, anakuwa mchoraji maarufu Marekani. Tamu kweli. Lakini hebu iangalie vizuri, imeruka jambo lenyewe.

Anna Mary Robertson Moses (1860–1961) alikuwa akidarizi picha za mandhari kwa nyuzi za sufu. Baridi yabisi ilipomkaba vidole, akiwa na miaka sabini na kitu, dada yake akamshauri ajaribu rangi. Mwaka 1938 mkusanyaji wa sanaa akaikuta michoro yake kwenye dirisha la duka la dawa huko Hoosick Falls, jimbo la New York.

Kwa nini brashi iliwezekana pale sindano iliposhindikana? Tazama kidole gumba chako. Ukibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo 1, kiungo kilicho kwenye shina la gumba huelemewa na takriban kilo 12. Gegedu likishalika, kila mchomo ni adhabu. Na kudarizi si kubana tu: unachoma, unavuta uzi, unarudia mara elfu. Brashi ina mpini mnene zaidi, na haina uzi wa kuvuta. Mkono wa kulia ukimuuma, Moses alihamia wa kushoto.

Sasa utazame mchoro wake *Sugaring Off* wa 1943, watu wakikusanya utomvu mtamu wa miti kwenye theluji ili wapike sukari. Watu wenyewe ni bapa, sikatai. Ila rangi zimewekwa kidogokidogo, doa kando ya doa. Kumbe ni mishono! Wanaosema hakusomea uchoraji wanasahau shule yake ndefu ya uzi na kitambaa.

Ndiyo maana "hakukata tamaa" hainiridhishi. Sindano aliiacha. Alichobaki nacho ni jicho lake.

Basi bibi yako anayedarizi vitambaa vya makochi usimpigie makofi kwa kuvumilia maumivu. Muulize: kinachouma ni kubana au kuvuta? Kama anafuma kroshia, mnenepeshee mpini kwa kuuzungushia kitambaa. Kama anadarizi, mtafutie fremu ya kusimama mezani, mkono mmoja upumzike. Na siku akitaka kubadili chombo, asihesabiwe kuwa ameshindwa.