Mtoto huyu yuko na nani? Namna ya kuhesabu watoto wanaolelewa na ndugu Tshangalele

Kando ya ziwa Tshangalele, mashariki ya Likasi, katika Katanga nchini Kongo (DRC), ni kawaida kabisa mtoto kukulia kwa bibi, kwa shangazi au kwa mjomba. Ziwa hilo lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, na tangu hapo watu wamekuwa wakija na kuhama: wengine kuvua, wengine kuchimba madini, wengine kutafuta kazi viwandani Likasi. Mwaka 2003, kampuni ya madini ya serikali, Gécamines, ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa hiari, nyumba nyingi za Katanga zilipoteza mshahara, shule na matibabu kwa mkupuo. Familia inapoyumba hivyo, wa kwanza kumpokea mtoto huwa ni ndugu. Je, watoto hao ni wangapi? Jibu linategemea namna ya kuhesabu, na ndiyo maana inafaa tuifuate hesabu hiyo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuamua nani anaingia katika hesabu. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inaruhusu mtoto aliye katika hali ngumu kuwekwa katika kituo au katika familia, chini ya usimamizi wa mahakama ya watoto. Tukihesabu hao peke yao, ndugu watatoweka, kwa sababu bibi anayemchukua mjukuu wake baada ya mazishi haendi kwa hakimu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inatambua ulezi wa aina zote mbili, uliopitia serikalini na uliopangwa na familia yenyewe.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2021, Uingereza (England) ilikuwa na watoto takriban 80,000 chini ya uangalizi wa serikali za mitaa, na asilimia 15 hivi tu kati yao walikuwa kwa ndugu au marafiki wa familia. Sensa ya mwaka huohuo, iliyojumuisha pia Wales, ilionyesha watoto zaidi ya 120,000 wanaolelewa na ndugu. Ikiwa nchi yenye madaftari kamili inawaacha wengi kiasi hicho nje ya madaftari, Tshangalele hatuwezi kutegemea faili za mahakama.

Hatua ya pili basi ni kwenda nyumbani kwa watu. Uchunguzi mkubwa wa kaya nchini Kongo, kama EDS ya 2013-2014 iliyofikia kaya 18,171 na MICS ya 2017-2018, huanza na orodha ya wote wanaoishi katika kaya. Kila mmoja huandikwa umri wake na undugu wake na mkuu wa kaya. Kisha kwa kila mtoto huulizwa: mama aliyemzaa yu hai? Anaishi hapa? Kama anaishi hapa, ni yupi katika orodha? Baba naye huulizwa vivyo hivyo.

Tuchukue kaya moja ya mfano. Mkuu ni mvuvi wa miaka 52, anaishi na mkewe. Wana watoto watano nyumbani: mwana wao wa miaka 12; mjukuu wa miaka 6, ambaye mama yake naye anaishi hapo; msichana wa miaka 9, mtoto wa dada ya mvuvi, aliyefiwa na baba na ambaye mama yake yuko Lubumbashi; mdogo wa mke, miaka 15, yatima wa wazazi wote wawili; na mvulana wa miaka 14 anayesaidia kushona nyavu, asiye na undugu na yeyote. Wawili wa kwanza wanatoka katika hesabu kwa kuwa kila mmoja ana angalau mzazi mmoja ndani ya nyumba. Wanabaki watatu wasio na mzazi pale, na kati yao wawili wako kwa ndugu. Katika daftari la mahakama, kaya hii yote ni sifuri.

Mtego mkubwa uko kwenye safu ya undugu. Mvuvi akiulizwa juu ya yule msichana wa miaka 9, atajibu kwa moyo mweupe kwamba ni mtoto wake, na akiwekwa hivyo anapotea. Mchambuzi makini haanzi na safu hiyo. Anaanza na safu za wazazi: mtoto asiye na baba wala mama mzazi katika orodha anaingia kwenye hesabu hata kama ameandikwa kuwa wa mkuu wa kaya. Kwa hiyo anayehoji lazima atamke wazi, kila mara, "aliyemzaa".

Mtego wa pili hautatuliki kwa safu hizo. Undugu unapimwa kwa mkuu wa kaya. Msichana wa kazi akija na mdogo wake, mdogo huyo ataandikwa kuwa si ndugu, ilhali analala kila usiku kando ya dada yake wa damu.

Kuna pia mipaka ya sampuli. Namba za uchunguzi huu husimama katika ngazi ya mkoa. Haziwezi kuzungumzia vijiji vya ziwa moja. Kongo haijafanya sensa tangu mwaka 1984, kwa hiyo orodha za kuchagulia kaya hujengwa juu ya msingi wa zamani. Na watoto wa vituoni na wa barabarani hawamo katika kaya yoyote.

Kwa hiyo Tshangalele inahitaji hesabu yake, nyumba kwa nyumba, kwa maswali yaleyale na moja la kuongeza: ni nani hasa anayemlisha na kumtunza mtoto huyu, na ni nani wake? Swali hilo lingemtoa bibi gizani ili msaada wa karo na dawa umfikie. Lingetuonyesha pia mtoto aliye kwa ndugu lakini hatendewi kama mtoto, hata yule anayetuhumiwa uchawi, jambo ambalo Katiba na sheria ya 2009 zinalikataza. Ndugu wengi wanalea kwa upendo na kwa jasho. Wanastahili kuhesabiwa, na kila mtoto aliye mikononi mwao anastahili kujulikana.