Nishani Ambayo Mahjub Hakupewa

Mwaka 1934 mtu mmoja mzaliwa wa Dar es Salaam alipeleka ombi serikalini mjini Berlin. Alitaka nishani. Ilikuwa imeanzishwa mwaka huohuo kwa ajili ya waliopigana upande wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, naye alikuwa amepigana. Aliingizwa jeshini mwaka 1914 akiwa na umri wa miaka kumi, pamoja na baba yake. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, akatekwa na Waingereza. Ombi lake lilikataliwa.

Jina alilozaliwa nalo ni Mahjub bin Adam Mohamed. Katika karatasi za Kijerumani alikuwa Bayume Mohamed Husen. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikizirudia kazi mbili zinazogusa maisha yake. Ya kwanza ni *Majubs Reise*, yaani Safari ya Majub, filamu ya kumbukumbu ya Eva Knopf ya mwaka 2013. Ya pili ni *Afterlives*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2020, ambayo mhusika wake Ilyas ana maisha yanayofanana mno na ya Mahjub. Kazi zote mbili nazipenda. Hata hivyo naona zote zinalipita haraka swali ambalo mtu wa kwetu angeliuliza kwanza: huyu bwana nishani ile aliitakia nini?

Swali hilo si jepesi, kwa sababu tunajua jeshi lile lilikuwa jeshi gani. Ndilo lililozima Maji Maji kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao kwa ajili ya watu wa upande ule mwingine. Kumwonea huruma mtu anayedai heshima kutoka kwa jeshi hilo kunahitaji maelezo, na mhakiki anayeyakwepa anamdanganya msomaji.

Tuanze na mpangilio wa matukio. Mahjub alifika Berlin mwaka 1929 baada ya kufanya kazi kwenye meli, na nishani haikuwa jambo la kwanza alilolidai. Alidai malimbikizo ya mshahara wa jeshi, yake na ya baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa. Yeyote aliyewahi kumsindikiza mzazi kufuatilia mafao anaujua mlango huo. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, walipiga hodi kwenye mlango wa aina hiyo kwa miongo, na wengi walikufa wakiwa bado kwenye foleni.

Baada ya kukosa fedha alibaki Berlin. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu zipatazo ishirini. Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka. Ombi la nishani lilikuja mwaka uliofuata. Tukizipanga tarehe hizo pamoja, ombi lenyewe linabadilika sura. Mtu aliyedai fedha mwaka 1929 alikuwa anadai haki yake. Mtu huyohuyo anapodai nishani mwaka 1934, chini ya serikali iliyokuwa ikipima damu za watu, naona anatafuta kitambulisho. Anataka kipande cha chuma kitakachosema kwa niaba yake: huyu ni wetu, mwacheni.

Hayo ni makisio yangu, na nayaita makisio. Ila filamu ya Knopf inayapa nguvu bila kuyatamka. Anachofanya Knopf ni kuchukua vipande vya filamu za wakati ule na kutuelekeza tumtazame mtu aliyewekwa nyuma: mtumishi, mpagazi, anayeinamisha kichwa na kusema maneno mawili kabla ya mzungu kuingia na kuchukua nafasi yote. Ukishazoezwa kumtafuta nyuma, huwezi tena kuitazama picha kama ilivyokusudiwa. Filamu ya mwisho aliyoigiza inahusu Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimpa jina la Mkono wa Damu. Mtoto wa Dar es Salaam anamtumikia Mkono wa Damu mbele ya kamera, na mwaka huohuo wa filamu, 1941, anakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Hapo ndipo filamu inapofaulu kuliko maandishi mengi niliyoyasoma kuhusu askari wa Kiafrika. Haimfanyi shujaa wala haimfanyi kibaraka. Picha zilizobaki zinamwonyesha amevaa sare ya askari katika hafla za watu waliotaka makoloni yarudi mikononi mwa Ujerumani. Mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa. Mtazamaji wa Tanzania anayaona hayo na tumbo linamkata. Knopf hatupi dawa ya maumivu hayo, na amefanya vyema. Udhaifu wake ni kwamba sauti ya msimulizi inabaki Berlin muda mrefu mno. Dar es Salaam inakuwa chanzo tu, mahali alipotokea mtu, kana kwamba hakuna aliyebaki huku akiulizia habari zake.

Gurnah analiziba pengo hilo. Katika *Afterlives* anayeulizia ni ndugu. Ilyas anaondoka kwenda vitani, dada yake Afiya anangoja, miaka inapita, na mwishowe mtoto wa Afiya, aliyepewa jina la mjomba wake, anafika Ujerumani ya Magharibi na kuanza kupekua nyaraka. Kurasa za mwisho zinakwenda mbio. Wapo wanaoiona mbio hiyo kuwa kasoro, kwamba mwandishi alichoka. Mimi siioni hivyo. Riwaya iliyokuwa ikitembea polepole kati ya kitanda, duka na bandari inageuka ghafla kuwa jalada: tarehe, mahali, ombi, jibu. Majalada ndivyo yanavyosema. Hayana pumzi ya kutosha kueleza mtu alikuwa anapenda chakula gani.

Tatizo langu liko kwingine. Baada ya Ilyas kuondoka hatumsikii tena akisema mwenyewe. Tunasomewa kwamba aliomba, kwamba alikataliwa, kwamba alikufa. Kando yake Gurnah ameweka mtu wa pili, Hamza, aliyerudi kutoka jeshi lilelile na mguu mbovu, akatafuta kazi, akamwoa Afiya, na hakuiandikia serikali yoyote barua ya madai. Riwaya imewapanga hivi: Hamza, asiyedai chochote, anapewa maisha, na Ilyas, anayedai, anapewa jalada. Ni mpangilio wenye hekima, lakini pia una hatari. Unaweza kumfanya msomaji aondoke akiamini kwamba kudai ni ujinga, kwamba mtu mwenye busara hunyamaza na kwenda zake. Sisi tuliokulia katika nchi ya "njoo kesho" hatuhitaji kufundishwa tena somo hilo. Ombi la Ilyas, kama la Mahjub, ndilo lililofanya ndugu yake aweze kumpata. Waliomkatalia walilazimika kuandika kwamba wamemkatalia, na karatasi hiyo ikabaki.

Kuna kisa cha tatu kinachopaswa kusomwa pamoja na hizi mbili, kwa sababu kinapendwa mno. Charles Miller alikisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1974, na tangu hapo kimenakiliwa kila mahali. Inasemwa kwamba mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Mlipaji akaja Mwanza, wazee wakakusanyika, ila wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare. Basi yule Mjerumani akampa kila mmoja fagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna mzee aliyekosea.

Wanaokisimulia hutabasamu. Mimi nakisoma kama kisa cha uhakiki wa vyeti. Mzee aliyekosa karatasi anaambiwa mwili wake uwe karatasi: asimame wima na fagio begani, miaka zaidi ya arobaini baada ya vita, ili apate haki yake. Tena angalia nani hayumo katika kisa hicho. Fagio linaweza kumtambua mtu aliyefundishwa gwaride. Haliwezi kumtambua mpagazi.

Hapo ndipo Mpanda inapoingia. Eneo tunaloliita Katavi, lililopata hadhi ya mkoa mwaka 2012, halitajwi sana katika vitabu vya vita ile. Linatajwa kwa sababu ya Karema, pale ufukweni mwa Tanganyika, ambapo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mwaka 1916, mwaka walioiteka Tabora. Jeshi linalokwenda nchi kavu bila reli wala barabara linakwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Bibi mzaa mama yangu, mtu wa Karema, alikuwa akisema kwamba baba wa baba yake "alichukuliwa na Mbelgiji akaenda Tabora". Basi, hakuongeza neno. Mtu huyo hakuwa na cheti, namba wala sare, na hata fagio lisingemsaidia.

Si yeye peke yake. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti Aprili 2021 ikikiri kwamba waliokufa kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika, Wahindi na watu wa Misri, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Ikakiri pia kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Hao ni wa upande wa Waingereza tu. Mtu aliyechukuliwa na Mbelgiji hayumo hata katika makosa yao.

Sisi tunaoandika masimulizi ya kweli, hasa vijana wa rika langu, tunapofika kwenye pengo la namna hiyo tuna kishawishi kimoja: kulijaza. Tunampa babu sauti, tunampa mto wa kuvuka, tunampa kifo kizuri. Yaani tunampa nishani kwa kalamu, tukidhani tumesahihisha kumbukumbu. Naona tunarudia kosa la jalada kwa upande mwingine. Neno la bibi lina usahihi ambao nathari yetu inaweza kuuharibu. "Alichukuliwa" si "alijiunga", wala si "alijitolea". Kitenzi chenyewe ni ushahidi. Kinasema nani alikuwa na uwezo na nani hakuwa nao.

Ukikishika kitenzi hicho na kurudi nacho Berlin, kinasaidia kumsoma hata Mahjub. Jalada lake linamhesabu kama askari aliyeingia jeshini mwaka 1914. Mtoto wa miaka kumi haingii jeshini, huchukuliwa. Kama kuna sahihisho analostahili katika kumbukumbu za jeshi lile, ni hilo kwanza, kabla ya nishani yoyote. Nishani ingeliweka sawa deni la utumishi wake, na kulifunika deni la utoto wake. Wala isingemwokoa. Wayahudi waliopigana vita ileile walipewa nishani hiyohiyo, na bado wengi wao walisafirishwa kwenda kuuawa.

Mwaka 2007, mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi Berlin, liliwekwa jiwe dogo lenye bamba la shaba, la kutosha kiganja. Lina jina lake, mwaka wa kuzaliwa, kukamatwa na mahali alipouawa. Halina sifa wala shukrani. Dar es Salaam, mji aliozaliwa, sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 inaahidi kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwamo, kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa na wana wao. Ukiizunguka nguzo yote hukuti jina la askari hata mmoja, wala la mpagazi.

Kati ya mbao hizo mbili, jiwe la Berlin ndilo lililoandikwa kwa nathari bora, nalo ndilo ningependa tujifunze kwalo. Kwa mtu wa Karema, sentensi yake ingekuwa fupi: alichukuliwa mwaka 1916, alibeba mizigo kwenda Tabora, hakulipwa wala hakuandikwa. Jina linaulizwa kwa wazee waliobaki, na wanaolijua wanapungua kila masika.