Pongezi kwa Walimu wa Tiba ya Dharura Muhimbili

Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini Tanzania. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo kwa miaka mitatu. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013, na leo baadhi yao ni walimu.

Hapo ndipo penye sifa kubwa. Mwanafunzi wa udaktari anayepita katika idara ile hakutani na ugonjwa uliokwisha kupewa jina. Anakutana na mtu anayehema kwa shida, majeruhi wa bodaboda, mama anayevuja damu, mtoto mwenye degedege. Anafundishwa kutosubiri jina la ugonjwa: kwanza njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, halafu fahamu, na mwisho kumkagua mwili mzima. Anatibu huku akichunguza, mwalimu wake akiwa pembeni.

Ujuzi huo ataondoka nao hadi hospitali ya wilaya, ambako huenda hakuna bingwa wa kumpigia hodi usiku.

Walimu wa Muhimbili, hongereni sana. Vyuo vyote vya udaktari nchini viwape wanafunzi wao muda wa kutosha katika idara za dharura, kwa maana dharura haichagui hospitali.