Tsavd Tanem si "Mpenzi Wangu"

Wiki mbili zilizopita, katika darasa letu la tafsiri hapa Kampala, tulipewa sentensi za Kiarmenia pamoja na tafsiri zake za Kiingereza, tuzitie Kiswahili. Katika mojawapo, mtoto ameungua mkono na bibi yake anamwambia: tsavd tanem. Kiingereza kilisema "mpenzi wangu", basi. Nami nikaandika "mpenzi wangu", nikapata alama yangu. Ninaandika makala haya kuipinga alama hiyo.

Kwanza, bibi gani wa Kiswahili husema hivyo? Atamwita mjukuu "mume wangu" kwa utani, lakini "mpenzi wangu" ni maneno ya barua za vijana.

Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi. Tsav ni maumivu. Ile -d ni "yako", imegandana na nomino kama tunavyosema "mwanao". Tanem hutokana na tanel, yaani kubeba kitu na kwenda nacho. Tena haitoi taarifa, inataka, sawasawa na -e yetu ya mwisho katika "nichukue". Bibi anasema: maumivu yako niyachukue mimi. Kupenda kuna kitenzi kingine, sirel, ambacho hakikutumika hapa. (Nilidhani sirel imezaliwa na sirt, moyo. Kumbe hazina undugu: sirt ni ndugu wa kardia ya Kigiriki, na sirel imetoka katika ser, upendo.)

Lililonifurahisha ni kwamba tanel pia ni kuvumilia. Mwarmenia asiyeweza kustahimili jambo husema hawezi "kulibeba". Na sisi je? Chukua yetu ndiyo iliyotupa mchukuzi, mtu wa mizigo, ikatupa na kuchukuliana, yaani kuvumiliana. Lugha mbili zisizojuana zimeuona uvumilivu kuwa mzigo begani. Tulikuwa na kitenzi kilekile mkononi, tukakiacha kwa sababu Kiingereza kilikiacha.

Mwalimu wetu alinijibu vizuri, sitaficha. Alisema maneno haya yamechakaa. Waarmenia huwaambia watoto, rafiki, hata mteja dukani, na hakuna anayefikiria maumivu. Akaniuliza kama ningetafsiri "hujambo" kuwa "huna jambo". Nilinyamaza siku nzima.

Lakini sasa nina jibu. Kwa mteja dukani, sawa, "ndugu yangu" inatosha. Neno lililochakaa hurudisha uzito wake likikutana na jambo lenyewe, na hapa mkono umeungua. Maumivu yapo, yanaonekana, mtoto analia. Hata "pole" haitoshi, ingawa ndiyo ya kwanza kunijia. Anayesema pole husimama karibu na mwenye maumivu. Maumivu hubaki yalipo. Bibi huyu anataka yahame kutoka mkono wa mtoto yaingie kwake. Hawezi, na anajua hawezi, ndiyo maana kitenzi kikawa cha kutaka.

Wenzangu wawili wanasema ninakuza jambo dogo. Huenda. Hata hivyo nimefuta sentensi yangu, nikaandika: "Lete, mjukuu wangu, maumivu hayo nikuchukulie." Karatasi nimeirudisha jana, na nimemwomba mwalimu anipunguzie alama ya kwanza hata kama hii mpya hataipa kitu.