Karai, Mita na Sikio

Baiskeli ya umeme ni baiskeli kwanza, umeme baadaye. Ina fremu, ringi, spoku, mnyororo na breki, vitu ambavyo fundi wa chini ya mti amevishika tangu siku alizokuwa mwanafunzi wa kushikilia spana. Juu ya hivyo zimeongezwa mota, betri, kontrola ya kuiongoza mota, na rundo la waya. Kwa hiyo anayeijua baiskeli ameshamaliza zaidi ya nusu ya kazi, na iliyobaki inafundishika. Anayejua umeme peke yake huanza vibaya: atapima volti saa nzima kabla hajagundua kuwa bloku ya breki inasugua ringi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Tarehe 31 Desemba 1895, Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya haba, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, palepale inapokaa katika baiskeli nyingi za umeme za leo. Kilichokosekana kwa karibu miaka 100 ni betri ya kubebeka, kwani ile ya risasi ilikuwa mzigo juu ya mzigo. Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991. Mwaka 1993 Yamaha ya Japani ilitoa baiskeli ambayo mota yake humsaidia mwendeshaji wakati anapiga pedeli. Tangu hapo zimekuwa za aina mbili: zinazosubiri mguu uanze, na zenye eksileta kwenye usukani kama ya bodaboda. Nyingine zina yote mawili.

Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ni mahali panapoweza kuipima baiskeli ya namna hii bila huruma. Mji umekaa kwenye uwanda wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kati ya majabali ya itale na maziwa ya maji ya chumvi ya Singidani na Kindai. Itale hiyo ikichakaa hugeuka mchanga wa chengachenga, ambao gurudumu huzama ndani yake na mnyororo huutafuna. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kiangazi upepo huvuma kutwa, na ndiyo maana Singida imetajwa kwa miaka mingi katika mipango ya kuzalisha umeme wa upepo. Kabla mitambo hiyo haijamnufaisha mwendesha baiskeli, upepo huo humgharimu.

Gharama yenyewe inahesabika. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360, yaani umeme usiofika nusu uniti ya LUKU hata ukijumlisha ule unaopotea kwenye chaja. Mwendeshaji anayepiga pedeli huku mota ikimsaidia hutumia wastani wa wati-saa 10 kwa kilomita, hivyo atakwenda kilomita 36 hivi. Afunge madumu matatu ya maji kwenye keria, yaani kilo 60, ageukie upepo wa Julai, aiachie mota kazi yote, na matumizi yatafika wati-saa 20 au kuzidi. Safari imekatwa nusu. Nguvu ya kukata hewa hupanda kwa ukali ambao macho hayauoni: mahali pasipo na upepo, kwenda mwendo mara mbili hudai nguvu mara nane ya kuikata hewa. Anayepunguza mwendo upepo ukimkabili anaweza kuonekana mwoga, lakini ndiye atakayefika nyumbani betri ikiwa na chochote.

Kosa la kawaida la mgeni wa baiskeli hii ni kukaza eksileta akiwa amesimama, mzigo nyuma, gurudumu mchangani. Mota iliyosimama hula umeme mwingi kuliko inayozunguka, kwa sababu mzunguko wake ndio unaozalisha umeme wa kuupinga ule unaotoka kwenye betri. Isipozunguka hakuna kipingamizi. Ampea humiminika, waya hupata moto, na kontrola huweza kuungua. Dawa yake haihitaji hela: piga pedeli mara tatu, gurudumu lianze, ndipo mota iitwe. Mlimani ni hivyohivyo. Mguu ndio huanza na mota hufuata.

Matunzo ya kila siku ni yaleyale ya baiskeli, ila makosa hulipwa kwa bei kubwa zaidi. Mota inavuta spoku kwa nguvu zinazoongezwa juu ya zile za mguu, hivyo spoku za nyuma hulegea mapema. Fundi mzuri huzipitia moja moja kwa kucha, akizigonga na kusikiliza: iliyokaza hulia, iliyolegea hunyamaza. Breki nazo huzuia kilo 10 za ziada za mota na betri, na bloku huisha upesi. Nati za ekseli zikaguliwe kila wiki, kwa kuwa ekseli ya gurudumu la mota ina kazi isiyokuwepo zamani. Katika baiskeli ya kawaida hushikilia tu. Katika hii mota inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo hutaka kujizungusha nyuma. Washa yenye ulimi inayoizuia ikirudishwa vibaya, ekseli huzunguka ndani ya fremu na kuikata kebo inayopita katikati yake. Ajali hiyo huchukua sekunde moja, na kuitengeneza ni kazi ya siku nzima.

Kuhusu mnyororo, Singida ina kishawishi chake. Mafuta ya alizeti yako kila nyumba, na mtu akiishiwa ya mashine mkono huenda kwenye chupa ya jikoni. Mafuta hayo yakipigwa na hewa hukauka taratibu yakawa gundi, mchanga ukanata humo, na mnyororo ukageuka msasa unaojisugua wenyewe. Heri mnyororo uliofutwa kwa kitambaa kikavu kuliko uliokaangwa.

Kisha kuna mbigili, adui mdogo wa Tanzania nzima ya ukame. Kuziba pancha kwenye gurudumu la mbele hakuna habari. La nyuma, lenye mota, lina kebo, plagi, washa zenye mpangilio wake, na uzito wa kumchosha anayelinyanyua. Hapa ufundi wa zamani huonekana mzima. Anayejua halitoi gurudumu kabisa. Hulaza baiskeli ubavu, hubandua tairi upande mmoja, huvuta tyubu nje kama utumbo wa kuku, huijaza upepo na kuizamisha kipande kwa kipande kwenye karai la maji hadi mapovu yajitokeze. Huweka alama, hukausha, hukwangua kwa msasa, hupaka solusheni, na hapo husubiri. Kusubiri huko ndiko wanafunzi hushindwa. Kiraka kikibandikwa solusheni ingali mbichi hubanduka kabla baiskeli haijafika barabara ya lami. Wakati solusheni inakauka, vidole hupita taratibu ndani ya tairi kuitafuta mbigili, maana anayeziba tyubu bila kuutoa mwiba anazibia pancha ya kesho.

Betri ndiyo ghali kuliko vyote, na mara nyingi hufa kwa uzembe mdogo mdogo. Ndani ya boksi lake kuna seli zinazofanana na betri za tochi, nyingi zikiwa na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri ya volti 36 ina makundi 10 ya seli yaliyofuatana, kila kundi volti 3.6, likijaa hufika 4.2, na betri nzima 42. Ya volti 48 huwa na makundi 13 na hujaa kwenye 54.6. Namba hizo hazina mjadala. Chaja ya volti 54.6 inaweza kuingia sawasawa kwenye tundu la betri ya 36, na kinachoweza kufuata ni moto. Fundi mwangalifu husoma lebo ya chaja kabla ya kusikiliza maelezo ya mwenye mali.

Lithiamu haipendi vitu vitatu: joto, njaa ya muda mrefu, na shibe ya muda mrefu. Betri iliyotoka safari ipoe kivulini kabla ya kuchajiwa. Isiachwe juani kwenye bati. Ikikaa wiki kadhaa bila kazi, iwekwe katikati, nusu hivi, na ichunguliwe kila mwezi, kwa sababu saketi ya ulinzi iliyomo ndani hunywa umeme kidogo kidogo hata baiskeli ikiwa imezimwa. Msimu wa mvua pana hatari ya ziada: maji hufuata waya kama yanavyofuata mfereji. Ndiyo sababu waya zinazoingia kwenye kontrola huachwa zikining'inia chini kidogo na kupanda tena, ili tone lidondokee kwenye tumbo la waya badala ya kuingia ndani. Kontrola iliyofungwa bila tumbo hilo itaharibika masika ya kwanza.

Baiskeli ikigoma, huanza kazi inayostahili sifa kuliko zote, ambayo haina jina rasmi. Ni kushuku kwa mpangilio. Mwanafunzi huanza na kifaa cha bei kubwa kwa sababu ndicho asichokijua. Fundi huanza na swali. "Ilianzaje, mama?" Jibu la swali hilo huokoa nusu ya muda. Kama ilizima ghafla baada ya kuoshwa, ni maji. Kama ilizima mlimani na kuwaka tena ilipopumzika, ni betri. Kama ilizima kwenye shimo, ni plagi iliyolegea.

Plagi zina haki ya kushukiwa mapema. Ukiivuta ile ya mota, mara nyingi pini moja kati ya nane huwa imepata kutu ya kijani, au imerudi nyuma kiasi cha unene wa ukucha, ikionekana imeshikana kumbe imekaa jirani tu. Mswaki wa zamani na pini ya kushonea hurejesha uhai ambao mwenye baiskeli alikuwa tayari kuulipia mota mpya. Mafundi wengine hununua kontrola kwanza na kuchungulia plagi baadaye, na wateja wao ndio hulipa ada ya shule hiyo.

Taa ya betri ikiwaka lakini mota ikanyamaza, mshukiwa wa kwanza ni mkono wa breki. Ndani yake mna swichi ndogo inayoikata mota mtu akishika breki. Ikinasa, kontrola huamini kuwa breki imeshikwa daima. Chomoa plagi za mikono yote miwili, jaribu tena. Ikiwaka, kesi imeisha. Isipowaka, mita hupelekwa kwenye eksileta: waya wa kuleta umeme uonyeshe volti 5 hivi, na waya wa ishara upande kutoka chini kidogo ya 1 hadi karibu 4 mkono unapokazwa. Ikipanda hivyo, eksileta haina kosa.

Mota inayotetemeka na kunguruma bila kwenda huwa imepoteza mpangilio. Ina waya tatu nene za kuisukuma na nyembamba tano za sensa zinazoiambia kontrola sumaku ziko wapi. Sensa moja ikifa, kontrola husukuma kwa kubahatisha. Gurudumu likizungushwa taratibu kwa mkono, la mota yenye gia kwa kulirudisha nyuma, kila waya wa ishara unapaswa kupanda na kushuka kati ya sifuri na volti 5. Usiobadilika ndio wenye kosa. Mlio wa mota inayozunguka bila kulichukua gurudumu ni jambo jingine: meno ya gia za nailoni zilizomo ndani ya haba yamelika, na sikio hulijua hilo kabla haba haijafunguliwa.

Kipo kipimo kimoja kisichohitaji hata mita, na uzuri wake unashinda vyote. Gurudumu likiwa gumu kulizungusha hata betri ikiwa imetolewa, chomoa waya tatu nene kutoka kwenye kontrola. Likilegea papo hapo, mota ni nzima na kontrola ndiyo iliyoungua, maana ilikuwa imezigusanisha waya hizo ndani kwa ndani. Kinyume chake nacho hufanya kazi. Waya hizo zikishachomolewa, gusanisha mbili mbili kwa makusudi na zungusha gurudumu, likiwa la mota yenye gia kwa kulirudisha nyuma. Kila jozi lazima ilifanye gurudumu liwe zito, kama linalozungushwa ndani ya uji. Jozi isiyoleta uzito huo ina waya uliokatika, na mara nyingi umekatikia palepale kebo inapoingia kwenye ekseli. Mota isiyo na umeme wowote imeeleza ugonjwa ulipo kwa kukataa au kukubali kuzungushwa.

Betri inayoshukiwa hupimwa ikiwa inafanya kazi. Ikipumzika inaweza kuonyesha volti 39 za kupendeza, na mlimani ikaporomoka hadi 30 na kujizima. Kundi moja la seli limechoka na linawaangusha wenzake tisa. Kulifungua boksi si kazi ya kila mtu. Kabla ya chochote huvuliwa pete na saa, meza hufunikwa kwa mbao kavu, na bisibisi huzungushiwa utepe hadi karibu na ncha, kwani chuma kikigusa ncha mbili za seli huweza kupata moto wa kuunguza mkono. Betri iliyovimba au iliyozama majini haifunguliwi wala haichajiwi. Hupelekwa nje, mbali na ukuta.

Kundi moja likifa, si seli zote za ndani ya boksi zimekufa. Nchini Tanzania kampuni ya WAGA, iliyoanzishwa na Gibson Kawago, imejenga biashara juu ya ukweli huo, ikiunda betri mpya kwa seli zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato zilizochakaa. Fundi wa mtaani anaweza kufuata mantiki hiyohiyo kwa kipimo chake. Seli huchajiwa moja moja na kuachwa mezani wiki nzima. Zinazobaki na volti zake hutengwa kwa ajili ya taa au kuchajia simu. Zinazoshuka zenyewe bila kutumiwa huzibwa ncha kwa utepe na kuwekwa kwenye kopo lenye mchanga mkavu, kwa sababu hata seli inayohesabiwa kuwa imekufa hubaki na moto wa kutosha kuunguza kibanda.