Sekunde ni Moja, Hesabu Zake Ndizo Tofauti

Oktoba 1971 wanasayansi Joseph Hafele na Richard Keating walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa nne za atomu za sesiamu. Waliizunguka Dunia kuelekea mashariki, kisha wakaizunguka tena kuelekea magharibi. Kila waliporudi Washington, walizilinganisha saa zao na zile zilizobaki kwenye kituo cha astronomia cha Jeshi la Wanamaji la Marekani.

Kwa nini mwelekeo uwe na maana? Kwa sababu saa iliyobaki Washington nayo haikutulia: inazunguka pamoja na Dunia. Ukokotoaji ulibidi uanzie katikati ya Dunia, bila kufuata mzunguko wake. Ndege ya mashariki huongeza mwendo wake juu ya ule wa Dunia, hivyo saa yake huchelewa. Ya magharibi huupunguza, hivyo saa yake huwahi. Kwenda juu nako, ambako graviti ni hafifu, huiharakisha saa pande zote mbili. Nadharia ya uhusianifu ilitabiri upungufu wa nanosekunde 40 kwa safari ya mashariki na ziada ya 275 kwa ile ya magharibi. Saa zilionyesha 59 na 273, tofauti iliyo ndani ya mipaka ya makosa waliyoitaja.

Je, fasili ya sekunde ilivunjika? Hapana. Mwaka 1967 ilikubaliwa kuwa sekunde ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu-133. Fasili haikutaja mahali wala mwendo, na naona ukimya huo ulikuwa sahihi kabisa. Atomu unayosafiri nayo hutetema vilevile popote uendako. Kinachotofautiana ni idadi ya sekunde ambazo kila saa imehesabu katika njia yake.

Ugumu uko kwenye saa ya dunia nzima, inayokusanywa kutoka maabara nyingi. Maabara ya vipimo ya Boulder, Colorado, iko mita zipatazo 1,650 juu ya bahari, na saa zake huwahi kwa zaidi ya mikrosekunde 5 kila mwaka kuliko saa iliyo kwenye usawa wa bahari. Tangu 1 Januari 1977 Saa ya Atomu ya Kimataifa husahihishwa ili ifuate usawa wa bahari. Kipimo, yaani sekunde yenyewe, kikaachwa kiwe cha kila mahali. Hesabu ya sekunde za dunia nzima ndiyo iliyopewa makao.

Walimu wa kidato cha sita, wapeni wanafunzi mwendo wa ndege, mwendo wa Dunia na kimo cha safari, wazikokotoe nanosekunde hizo wenyewe.