Mnara wa Kioo: Urithi wa Karakana ya Dublin

Mnamo mwaka 1903 mchoraji Sarah Purser alifungua mjini Dublin karakana ya madirisha ya vioo vya rangi, akaiita An Túr Gloine, yaani Mnara wa Kioo. Makanisa ya Ireland wakati huo yaliagiza madirisha mengi kutoka Munich na Uingereza: watakatifu wale wale, nyuso zile zile. Kwa hiyo karakana hiyo husifiwa kwa kuwapatia Waireland vioo vyao wenyewe. Sifa hiyo si ya uongo, ila imewekwa mahali pasipo pake.

Msimamizi wa kazi, A. E. Child, alikuwa Mwingereza, mwanafunzi wa Mwingereza mwenzake Christopher Whall. Jambo jipya basi halikuwa kabila la mafundi, bali kanuni. Katika viwanda vikubwa mmoja alichora, mwingine akachagua kioo, wa tatu akapaka nyuso. Kwa Purser, dirisha lilikuwa la msanii mmoja tangu mchoro wa kwanza. Mafundi walimsaidia kukata vioo na kuviunganisha kwa risasi, lakini uamuzi ulibaki wake.

Ushahidi umo katika kanisa kuu la Mtakatifu Brendan, Loughrea, ambako kazi za Child, Michael Healy na Evie Hone zinakaa chini ya paa moja. Hata asiyejua majina hawezi kumchukua Healy kwa Child. Child ni mwalimu: mstari safi, rangi tulivu, hakuna kosa wala mshangao. Healy, katika dirisha lake la Hukumu ya Mwisho, anazifanya rangi ziwake kama makaa, na jicho halipati pa kupumzikia. Karakana iliyomzaa huyu chini ya yule haikufundisha kuiga.

Hata hivyo, kanuni hiyo haikutosha kumweka Wilhelmina Geddes, ambaye pengine alikuwa hodari kuliko wote. Mwaka 1925 alihamia London, na huko akatengeneza dirisha kubwa la duara la kanisa kuu la Ypres, Ubelgiji, lililokamilika mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya mfalme Albert wa Kwanza. (Wasomaji wa Kalemie wanamkumbuka mfalme huyo kwa jina la zamani la mji wao, Albertville, kioo cha Ypres kinamtukuza bila kuitaja Kongo.) Dirisha hilo halikutengenezwa Dublin. Lakini ule uzito wa maumbo, ambao hakuna kiwanda kingeuvumilia, ni matunda ya Mnara.

Purser alifariki mwaka 1943, na ushirika ukavunjwa mwaka uliofuata; Catherine O'Brien akainunua karakana, akafanya kazi humo hadi kifo chake mwaka 1963. Orodha zinazoandika "An Túr Gloine" chini ya dirisha bila kumtaja msanii zinairudisha kazi hiyo kiwandani, palepale Purser alipotaka kuitoa.